Tetemeko Alilolitafsiri Peguy

Peguy Birindwa alikuwa mtafsiri wa sinema za Kihindi, na kwa Waswahili wa Durban hapakuwa na mwingine wa kumshinda. Siku za wiki aliuza vioo vya simu na chaja katika duka la Bi Kidawa, mwanamke wa Tanga mwenye chumba kimoja cha biashara karibu na Warwick Junction, pale teksi zinapopiga honi kuita abiria tangu alfajiri. Jumapili, duka likiwa limefungwa, Peguy aliingia kwenye stoo ya nyuma, akatundika mablanketi mawili ukutani ili sauti isirudi, akawasha kompyuta, akaanza kusema. Peke yake alikuwa bwana harusi na bibi harusi, polisi na jambazi, mama mkwe na kasuku wa mama mkwe. Kiswahili alichokitumia kilikuwa cha Tanzania, kilichonyooka, kwa sababu ndicho Bi Kidawa alichosema kinauzika. Wakongomani, Warundi na Watanzania wa mji ule walikuwa na sauti yake kwenye simu zao.

Watu walipomuuliza Kihindi alisomea wapi, alicheka na kuwaambia alikisomea kwenye mayai. Ilikuwa kweli. Alikulia Kadutu, mtaa wa mlimani katika mji wa Bukavu, na alipokuwa na miaka kumi na minne aliuza mayai ya kuchemsha kwenye lango la kambi ya askari wa kulinda amani waliotoka Pakistani. Askari wale walipenda mayai, na sinema walizipenda zaidi. Walikuwa na televisheni chini ya turubai, na kijana wa mayai hakuna aliyemfukuza. Kiurdu cha askari na Kihindi cha sinema, masikioni mwake, vilikuwa kitu kimoja. Baada ya miaka mitatu alikuwa akiwapeleka sokoni na kuwasemea bei.

Mengine ya Bukavu hakupenda kuyazungumza. Mkewe Grâce, msusi katika saluni moja ya Sydenham, mtaa waliokuwa wakiishi, alijua tu kwamba mumewe alitoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, kwa mabasi na malori, na kwamba hawezi kulala chumba kikiwa kimefungwa. Hata wakati wa baridi mlango wa chumba chao ulibaki wazi, umezuiwa na kiatu. Grâce alishazoea.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Bi Kidawa alirudi dukani na boksi la diski za zamani alizozinunua kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa ikihama Sydenham. Alikaa chini akazipekua moja moja kama mtu anayechagua mchele. Mwishoni akainua moja yenye jalada lililopauka.

"Hii! Hii nimeiona Tanga nikiwa msichana. Ukumbi mzima ulilia. Kuna mapacha wawili wa kike, wanaolewa siku moja, na katikati ya harusi linapiga tetemeko la ardhi."

"Tetemeko?" aliuliza Peguy.

"Usiogope, tetemeko la Kihindi halina ubaya. Linawatawanya watu tu. Huyu anachukuliwa na mto, yule anapoteza kumbukumbu, anakuwa mwimbaji wa hoteli. Kisha baada ya mapumziko wanaanza kutafutana. Mimi nikiona tetemeko mwanzo wa sinema, moyo wangu unatulia, maana najua mwishoni watakumbatiana."

"Na wanaokufa?"

Bi Kidawa alifikiri kidogo. "Wanaokufa ni wale ambao hatukuambiwa majina yao."

Jumapili iliyofuata Peguy aliitafsiri. Nusu saa ya kwanza ilikwenda vizuri: wazee wanabishania mahari, mapacha wanaimba bustanini, bwana harusi anafika juu ya tembo. Likaja tetemeko. Peguy alikumbuka kusema, "Jamani, ardhi hiyo inatikisika!" Kisha alikumbuka kunywa maji, na hapo sinema ilikuwa imeshafika mbele, pacha mmoja anaokotwa kando ya mto na dereva wa lori. Katikati yake hakukumbuka kitu. Hakushangaa sana. Mtu aliyetafsiri sinema mia mbili hufika mahali mdomo ukafanya kazi wenyewe. Alimaliza saa tisa alasiri, akafunga duka, na alipokuwa anageuza ufunguo aliona vifundo vya mkono wake wa kulia vimechubuka na vinatoa damu.

Jumatatu na Jumanne Bi Kidawa aliwanakilia wateja sinema ile. Ilipofika Jumatano hakukuwa na mteja, akaketi kuitazama mwenyewe kwenye kompyuta ya kaunta. Peguy alikuwa anabadilisha kioo cha simu pembeni. Ghafla Bi Kidawa akasimamisha picha.

"Peguy. Njoo hapa usikie."

Kwenye kompyuta nguzo za ukumbi wa harusi zilikuwa zinaanguka, tembo wanakimbia, taji la maua linapepea hewani polepole. Vinanda vilikuwa vinalia kwa nguvu zote. Juu ya vinanda ilikuwepo sauti ya Peguy, lakini ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika na jirani. Wala haikuwa na Kiswahili cha Tanzania. Ilisema Kiswahili cha Bukavu, cha nyumbani kwa mama yake.

"Iko mutu. Nyuma ya ukuta iko mutu. Mulango ya kijani imelala chini. Mashini ya kushona iko juu yake, naona gurudumu. Iko anagonga na sufuria. Sikiliza. Iko anagonga."

Yakasikika mapigo matatu. Kimya. Mapigo matatu tena. Ikaendelea hivyo dakika nne, mpaka vumbi la sinema likatulia na mto ukaonekana.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bi Kidawa.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Ninauliza huyu ni nani."

Peguy alikwenda kulifungua boksi la diski. Walichukua diski yenyewe, ile ya asili, wakaiweka. Vinanda vilikuwepo, mayowe yalikuwepo, kengele ya hekalu ilikuwepo. Mapigo hayakuwepo. Peguy alificha mkono wake wa kulia mfukoni. Bi Kidawa akaomba Mungu amwepushe na shari, akajifunika mtandio vizuri kichwani, akasema, "Ifute." Peguy akaifuta. Lakini watu wengi walishaichukua, na waliokuwa nayo walikuwa wameshawatumia wenzao.

Siku chache baadaye alikutana ngazini na Irakoze, mama wa Kirundi aliyeishi ghorofa ya chini yao kule Sydenham. Irakoze alikuwa amebeba mfuko wa viazi, akauweka chini.

"Peguy, ile sinema yako, eish. Watoto hawaachi kugonga. Wanagonga bomba la maji, tatu, wananyamaza, wanagonga tatu. Nimewauliza huu mchezo gani. Wanasema hawachezi. Wanasema wanamjibu mtu."

"Watoto wanaiga kila kitu, mama."

"Labda. Yule wangu mdogo hakuitazama. Alikuwa amelala."

Tangu hapo Peguy alianza kufanya jambo ambalo Grâce hakulielewa. Lori likipita barabarani na glasi zikatetema kabatini, aliinua macho haraka kuangalia balbu darini. Watu wa Bukavu ndivyo wanavyopima: balbu ikiyumba, toka nje. Balbu ya Sydenham haikuyumba hata siku moja. Durban ardhi yake imelala. Hata hivyo aliiangalia, mara nne, mara tano kwa siku, na mlangoni badala ya kiatu kimoja akaweka viwili.

Jumamosi moja mchana aliingia dukani mwanamke wa miaka kama thelathini, bado amevaa koti la kazi lenye nyuzi begani. Alijitambulisha kwa jina la Lyse, akasema anashona mablanketi katika kiwanda cha Pinetown. Hakuangalia simu wala vifuniko. Alimkabili Peguy moja kwa moja.

"Ni weye unayetafsiri sinema?"

"Ndiyo, dada. Karibu."

"Nani alikuambia habari ya mlango wa kijani?"

Peguy alisema lile alilokuwa amejiandaa kumwambia yeyote atakayeuliza. "Ni maneno ya sinema tu."

"Kaka, nimeiangalia ile sinema mara sita. Iko tembo, iko mapacha, iko mto. Mashini ya kushona haiko." Akaegemea kaunta. "Kwetu ilikuwa Kadutu, chini ya kanisa. Mlango yetu ilikuwa ya kijani, kaka yangu aliipaka mwenyewe. Alikuwa fundi wa kushona. Jina lake Blaise. Uliona nini?"

Bi Kidawa, aliyekuwa nyuma akihesabu chaja, aliziacha. Alikwenda kushusha shata ya duka nusu, akamsogezea Lyse kiti, kisha akaingia stoo na kufunga mlango, kwa sababu aliona hayo hayakuwa mazungumzo yake.

Peguy alibaki amesimama. Akaanza na tarehe.

Ilikuwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa pili, mwaka 2008, yaani tarehe tatu, akajisahihisha, Jumapili ya kwanza. Hakwenda misa. Alikuwa anateremka mlimani na ndoo ya mayai, saa tatu na nusu asubuhi. Alisikia lori kubwa linapanda nyuma yake akasogea pembeni kulipisha. Akageuka. Hapakuwa na lori. Kisha njia ikamtoka chini ya miguu.

"Kwenye sinema linachukua dakika nne," alisema. "Lile halikufika hata nusu dakika. Hakuna aliyelia. Lilipokwisha, kila kitu kilinyamaza: kuku, mbwa, redio, watoto. Nilikuwa nimekaa chini, mayai yamenimwagikia miguuni, nikawa nawaza nitamwambia nini mama. Ndipo nikasikia sufuria."

Aliifuata sauti hadi kwenye kichochoro. Ukuta wa matofali ulikuwa umelala juu ya nyumba. Katika mwanya aliona gurudumu la cherehani, na nyuma ya gurudumu mkono ulioshika sufuria.

"Ulisema naye?" aliuliza Lyse.

"Nilimuuliza, 'Iko nani?' Hakutaja jina. Aliniuliza kama kanisa imesimama."

Lyse akaweka mkono mdomoni. "Mimi na mama tulikuwa ndani ya kanisa."

"Niliinua macho, nikaliona paa lake. Nikamwambia imesimama. Akasema, 'Sawa.' Nikamwambia, 'Ngoja, naleta watu.' Nilikuwa nataka kuleta watu, dada, nakuapia. Nilifika mwisho wa kichochoro, ikatikisika tena, na miguu yangu ikashuka mlimani peke yake. Nilikwenda kukaa kwenye uwanja wa mpira pamoja na wengine. Nikajiambia mtu mwingine amemsikia. Niliendelea kujiambia hivyo mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo sikupita tena njia ile, hata mara moja, mpaka nilipoondoka Bukavu."

Duka lilikuwa na giza la nusu shata. Nje mama wa Kizulu aliyeuza mahindi alikuwa anacheka na mteja. Lyse alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akakiinua taratibu.

"Acha kugonga," alisema.

Peguy akatazama chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kioo cha kaunta, vidole vimekunjwa. Alikuwa hajui tangu lini. Aliushika kwa mkono wa kushoto na kuuondoa pale kama anayeondoa kitu cha mtu mwingine.

"Tulimtoa Jumatatu tarehe nne, jioni," alisema Lyse. "Wajomba walisema alikufa palepale, hakusikia kitu. Mama ameishi na hiyo mpaka leo. Weye ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Mimi kumi na mbili." Alitoa simu mfukoni, akabonyeza, akaiweka juu ya kaunta sauti ikiwa wazi. "Yeye iko Bukavu. Mwambie. Mimi sitaweza."

Iliita muda mrefu. Ikajibu sauti ya mama mtu mzima, na nyuma yake kukasikika mvua ikipiga mabati. Lyse akasema tu, "Mama, iko mtu hapa wa Kadutu, sikiliza," kisha akageukia ukutani. Peguy akasalimia, akataja jina lake na la mama yake, akasimulia tena. Safari hii alieleza kwa Kiswahili cha kwao, na hakuacha kitu. Mama hakumkatiza.

"Ilikuwa saa ngapi?" mama akauliza.

"Ilikaribia saa ine, mama."

"Basi haikuwa saa tatu na nusu."

"Hapana, mama."

"Miaka yote hii tunasoma misa yake tarehe tatu. Na kumbe tarehe tatu alikuwa anaishi." Akavuta pumzi. "Na aliuliza kanisa."

"Ndiyo."

"Ulimwambia kweli, ama ulimdanganya kumtuliza?"

"Nilimwambia kweli. Nililiona paa kwa macho yangu."

"Kwa hiyo nakushukuru. Kwa ile ingine siwezi kukusamehe leo. Utanipigia tena."

"Lini, mama?"

"Jumapili. Uko na kazi Jumapili?"

"Sina," alisema Peguy, ingawa alikuwa nayo.

Lyse alichukua simu yake, akauliza namba ya Peguy na kumtumia ya mama. Mlangoni aliinama kupita chini ya shata, kisha akasimama nusu nje, nusu ndani. Alisema kwamba hamchukii, au labda anamchukia, bado hajui, na kwamba asimtafute Pinetown. Kama kuna neno atalileta mwenyewe. Akaondoka kuelekea kwenye teksi.

Jumapili Peguy alipiga simu, na Jumapili iliyofuata tena. Mara za kwanza mama yule aliuliza maswali yaleyale: mkono upi ulishika sufuria, sauti ilikuwa ya mtu mwenye kiu au la, ukuta ulikuwa wa nyumba yao au wa jirani. Peguy alijibu alichojua, na asichojua alisema hajui. Kisha maswali yakaanza kupungua, na mama akawa anasimulia yeye: jinsi Blaise alivyoshona suti ya harusi ya padri mmoja aliyeacha upadri, jinsi alivyoogopa paka. Neno la msamaha hakulitaja. Peguy naye hakuliomba.

Sinema ya mapacha aliirekodi upya, kwa sababu Bi Kidawa hakutaka ile ya kwanza izidi kuzunguka mjini bila nyingine ya kuifukuza. Ilipofika kwenye tetemeko alivua visikilizio masikioni, akatoka nje ya duka, akanunua hindi la kuchoma, akalila lote akiwa amesimama juani. Dakika zile nne alizibakisha bila tafsiri. Wateja walilalamika. Mmoja alirudisha flashi akidai imeharibika. Bi Kidawa alimwambia kwamba sinema ni nzima, hapo hapana maneno. Kwenye bomba la maji la Sydenham watoto waliendelea kugonga hadi shule zilipofungwa, kisha wakahamia kwenye kamba ya kuruka. Yule mdogo wa Irakoze, ambaye hakuitazama sinema, alichelewa kuacha kuliko wenzake.

Mwaka huu, mwezi wa pili, simu ya Peguy ilipokea picha kutoka kwa Lyse, bila neno. Ilikuwa imepigwa Bukavu, mbele ya kanisa. Wamama kama kumi na wanne wamevaa vitenge, wengine wamekaa kwenye viti vya plastiki, mmoja katikati ameshika kitabu cha nyimbo na anaitazama kamera kwa macho makavu. Tarehe iliyoandikwa chini haikuwa tarehe tatu. Ilikuwa tarehe nne.

Peguy alikuwa amekaa mezani, saa ya chakula cha mchana, na Grâce alikuwa anapakua wali. Aliinama begani kwake kuangalia.

"Ni familia?" aliuliza.

"Hapana."

"Ni nani, basi?"

Peguy aliweka simu chini, akamwambia. Alianza kwenye ndoo ya mayai, akaruka kwenye uwanja wa mpira, akarudi kwenye kichochoro. Hakuyapanga vizuri, yeye aliyezoea kuwasemea watu wengine masaa matatu bila kukosea. Wali ulipoa.

Grâce alivuta kiti chake karibu, akakaa, akamshika mkono.

"Nimepotea katikati," alisema. "Anza tena, polepole. Anza asubuhi ulipoamka."